Ndoo Ijumaa Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi 1946

Jela imefungwa! Yaani imefungwa kwetu sisi wa nje. Wa ndani wamekwisha zoea. Ndui imeingia mjini, na daktari ameamuru asikanyage mgeni gerezani mpaka atakapotoa ruhusa. Sikuwa na habari. Nimetembea kutoka landhi, nyumba hizi za wafanyakazi wa reli hapa Makupa, hadi Mji wa Kale, mtoto mgongoni, Biblia kikapuni, jasho mpaka ndani ya viatu. Askari Faraj akanizuia mlangoni. Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ndiye mama wa kanisa niliyekabidhiwa wanawake wa jela, na huu ni mwaka wa pili. Akasema ajua. Nikakunja mkono wa gauni, nikamwonyesha alama yangu ya chanjo. Akaitazama kwa heshima. Akasema ni alama nzuri sana, na sasa niende zangu nyumbani, bibi.

Na Awiti wangu, msichana mmoja kati ya wanawake hao, yumo ndani! Miezi mitatu kwa pombe asiyoipika. Mpishi ni Chonga, yule bwana wa Kibarani aliyekuwa akikaa naye. Polisi walipobisha mbele, Chonga alitoroka kwa mlango wa nyuma. Awiti anatoka mwezi huu huu, lakini siku haijulikani, maana wakubwa hupunguza kifungo wakipenda. Aliniambia wazi, bila machozi: akinikuta mlangoni siku hiyo, atakuja kwangu aanze upya. Akimkuta Chonga, atakwenda na Chonga, kwa sababu mtu lazima alale mahali. Nilimpa mkono. Nilisema nitakuwepo.

Sasa hiyo siku nitaijuaje?

Jioni Mchungaji Crispus ametuita kina mama, akasema tuwahudumie wafungwa tukiwa nyumbani kwetu. Nadhani alikusudia maombi. Mimi nimeelewa zaidi ya hapo. Bahati mbaya Eddah naye ameelewa. Eddah ni mke wa karani wa bandarini, ana kofia yenye ua, na ameitamani jela yangu tangu Krismasi. Alinyoosha mkono akauliza, kwa upole mwingi, kama mwenye mtoto mchanga hafai kupumzishwa. Nilimjibu kwamba sijachoka. Kisha nikasinzia wakati wa sala ya kufunga.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika barua! Kurasa nne, mbele na nyuma. Mahubiri kurasa tatu na nusu, habari za nyumbani nusu, na chini kabisa: Awiti, niambie siku. Mwanangu Obadia anaota meno. Alivuta kalamu mara tano, ndiyo maana kwa Waefeso kuna mstari mrefu mpaka ukingoni. Dishon, mume wangu, ameuliza chakula kiko wapi. Nikamwambia kiko sokoni.

Alhamisi, 7 Machi

Wameichemsha barua yangu.

Sitanii. Faraj amenieleza sheria mpya: kinachotoka jela hakina neno, lakini kinachoingia lazima kichemshwe kwanza. Vyombo, nguo, kila kitu. Nikamwuliza kama karatasi ni nguo. Akasema yeye si mwanachuoni, yeye ni askari, na neno "kila kitu" analijua maana yake. Aliitia sufuriani, akangoja ichemke, akaitoa kwa kijiti. Kurasa nne zimekuwa uji wa buluu. Faraj mwenyewe alisikitika. Akasema palionekana neno "wapendwa" kwa muda kidogo, halafu likaenda.

Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Tumebishana mlangoni pale hadi watu wa kahawa wakageuza viti.

Faraj si mtu mbaya. Amesema Awiti akiwa na neno la kuniambia, yeye atamwandikia. Mwandiko wake ni mzuri, na karatasi ikitoka haichemshwi. Basi kutoka kwao njia ipo. Iliyobaki ni yangu ya kuingia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata dawa. Nguo! Nguo haiharibiki ikichemshwa, mimi nachemsha nepi kila siku ya Mungu. Na Dishon analeta nyumbani penseli ile ya ofisini, ya kuandikia stakabadhi za mizigo, ambayo ikiloa haifutiki. Yeye mwenyewe hujisifu nayo: mvua ikinyesha juu ya mizigo, maandishi yanazidi kukolea. Nikatandika nepi mpya ya Obadia mezani, nikaandika mahubiri yote upya, safari hii bila habari za nyumbani. Nikampelekea Faraj, nikamwambia chemsha upendavyo.

Kweli haikufutika. Iligeuka zambarau. Maji yakageuka zambarau. Na ndani ya maji hayo, ambayo mimi ningejuaje, zilikuwamo kaptura nyeupe sita za bwana mkubwa wa jela.

Nimerudi kwa njia ya nyuma.

Dishon amesikia habari hiyo ofisini kabla sijaamua namna ya kumwambia. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mke wake amemvisha Mzungu zambarau. Nikasema ni sita tu, na ninasikia anazo nyingine. Akaenda kuhesabu penseli zake. Jioni Eddah alipita mlangoni kwangu na kofia yake, akasema rangi ya zambarau ni ya wafalme, tena katika Maandiko. Kisha akacheka mpaka mwisho wa landhi. Nilimsikia akianza tena kwenye kona.

Jumanne, 12 Machi

Siku tatu nimehubiri kutoka juu ya dari! Mpango huu ulikuwa bora kuliko yote, na sitakubali mtu aniambie vingine.

Hajrabai, mke wa Noormohamed muuza nguo wa Ndia Kuu, ndiye aliyenikatia kitambaa cha nepi. Dari lake, yaani ghorofa ya juu, linatazama ukuta wa jela. Nilipomweleza shida yangu alikubali pale pale. Alisema mumewe anazungumza habari za vitambaa vya bafta tangu alfajiri hadi isha, na akipata mwanamke wa kupiga kelele darini atashukuru. Akaniwekea kiti. Akaketi na upepeo wake na tambuu shavuni, akanisahihisha sauti. Dini yetu si moja, lakini juu ya sauti hana upendeleo: alisema ya juu ni nzuri, ya chini ni kama ng'ombe aliyekwama.

Jumapili niliimba nyimbo mbili. Sauti zikajibu kutoka ndani! Nililia, Obadia akalia, Hajrabai akafuta macho akasema ni pilipili. Jana niliwafundisha juu ya kunyonyesha, na usafi wa chuchu, na subira kwa waume. Nikajibiwa amina nzito nzito, nzito kuliko nilivyotegemea. Leo nikajipa moyo, nikapaza sauti kabisa: msirudi kwa mabwana waliowaponza! Yule wa Kibarani, msimrudie! Wakanijibu wote kwa pamoja, "Haturudi, mama!" Na mmoja akaongeza kuwa yeye hata hamjui.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye kifua kipana.

Faraj alikuja chini ya dirisha, amevua kofia. Akasema, bibi, upande huu ni wa wanaume. Wanawake wako upande wa bahari. Wezi wa bandarini wametuma salamu, wanataka kujua kesho somo ni lipi.

Hajrabai alianguka kwenye kiti kwa kicheko. Nilisema kwa utulivu kwamba neno la Mungu halichagui. Kisha nikashuka, nikagombana na Faraj dakika nyingi kwa kuficha aibu. Alipaswa kuniambia tangu Jumapili. Akasema Jumapili alikuwa anafurahia wimbo.

Jumatano, 13 Machi

Obadia ana homa ya meno. Sikutoka. Siku zinakwenda, na ninaona uso wa Chonga kila ninapofumba macho, nami nafumba macho sana siku hizi, hata nikiwa nimesimama.

Alasiri akaja Eddah. Kumbe naye alikwenda jela na mpango wake: keki. Wameichemsha. Alinieleza bila kunitazama. Nilitaka kucheka, lakini nilimwona midomo inamtetemeka, nikamwekea chai. Kisha nikacheka kidogo nyuma ya mlango.

Lakini ameniletea karatasi! Faraj alimpa aniletee. Mwandiko mzuri kweli, wa kuchorwa. Maneno matano:

*Awiti asema: ndoo Ijumaa asubuhi.*

Ndoo.

Nimeigeuza nyuma. Hakuna kitu. Wiki nzima nimeuliza siku ya kutoka, na mtoto huyu ananiagiza ndoo! Eddah alikuwa ameshaisoma njiani, hilo nililijua tangu alipoingia. Akasema labda wanapungukiwa na za kuogea. Nikafikiri: maskini, hajui hata siku yake, na anataka kuoga. Roho ikaniuma. Basi atapata ndoo.

Na hapo likanijia jambo lenyewe. Ndoo haiharibiki ikichemshwa! Ndoo ni chombo cha kuchemshia! Nimehangaika na karatasi na nepi, kumbe Awiti kwa akili yake amenitafutia njia. Nimekwaruza mstari wa zaburi chini ya ndoo yangu, ile ya kuogea, kwa msumari. Eddah alinitazama nikikwaruza. Akaaga mapema mno.

Alhamisi, 14 Machi

Eddah amepeleka ndoo leo! Mpya, ya bati linalong'aa, ameifunga na utepe. Karatasi inasema Ijumaa, yeye anapeleka Alhamisi. Huyu ni mwanamke wa namna gani? Mumewe aliipitisha kabla ya kwenda bandarini. Ametembea landhi nzima akisema yeye hakuona haja ya kumngojesha mtu mwenye shida.

Dishon atapeleka yangu kesho kwa baiskeli kabla ya kazi. Amesema karani wa reli hawezi kupita mbele ya stesheni na ndoo ya kuogea. Nikamwambia karani wa reli aliyenioa mimi anaweza. Alitoka akaitazama baiskeli. Kisha akauliza aifunge mbele au nyuma.

Ijumaa, 15 Machi

Nitaandika kwa taratibu.

Dishon ameondoka saa kumi na mbili na nusu, ndoo imening'inia. Nami nikajikuta na nepi kumi na mbili chafu na sina ndoo. Obadia amepoa homa. Nikamfunga mgongoni, nikaenda Ndia Kuu kumwomba Hajrabai aniazime yake. Saa tatu nilikuwa nimekaa dukani. Akauliza yangu imepatwa na nini. Nikamweleza. Nikatoa karatasi nikamsomea.

Akaacha kutafuna. Akaichukua, akaisoma mwenyewe kwa kidole. Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria ikifurika. "Nani yuwataka ndoo, mwanamke we! Yuwakwita! Ndoo! *Njoo*, kwa kibara chenu! Faraj ni mtu wa hapa, ameandika kwa kinywa cha hapa!"

Nilisimama. Nimekaa mji huu miaka mitatu. Nasikia wanavyosema ndia badala ya njia, nimekanyaga Ndia Kuu mara mia, nimekaa ndani yake nikinywa chai! Faraj angelitamka lile neno, ningelijua papo hapo, ulimi wake ukigusa meno. Lakini karatasi haina ulimi wala meno. Sisi wawili wa bara, mimi na Eddah, tulisoma ndoo, na kila mmoja akakimbilia kushinda kwa ndoo.

Njoo Ijumaa asubuhi. Na saa tatu imepita.

Nilikimbia. Viatu vilibaki dukani. Obadia alidhani ni mchezo, akawa anacheka kila ninaporuka. Watu wakajitenga kwenye vibaraza. Nilisikia Hajrabai nyuma akimpigia kelele mumewe aache bafta anifuate na viatu.

Awiti alikuwa mlangoni, nje. Ameketi juu ya ndoo yangu, iliyopinduliwa. Ndoo ya Eddah ilikuwa magotini mwake na utepe wake, na ndani yake kitambaa chenye vitu vyote alivyo navyo duniani. Na mbele yake, ameegemea mkokoteni, Chonga. Shati jeupe. Anatabasamu.

Nikamsikia akimwambia kwa sauti tamu kwamba saa mbili nzima zimepita, wale watu wa kanisa wamekusahau, panda twende. Awiti akamjibu bila haraka. Akasema mtu aliyetumiwa ndoo mbili hajasahauliwa. Amesomwa vibaya tu.

Nilifika nikihema. Nilitaka kusema mambo mengi ya Waefeso. Pumzi haikuwepo. Nikasema tu, "Chonga. Rudisha mkokoteni wako Kibarani." Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni yule wa darini, na ndani ya ukuta huu wako wanaume thelathini walioniahidi kwa sauti moja kwamba hawakurudii. Faraj, aliyesimama na bunduki yake kama mti, akasema ni kweli, yeye mwenyewe alisikia. Kisha akasema barabara hii mkokoteni haukai.

Chonga alinitazama miguu mitupu, akamtazama mtoto, akatema mate pembeni. Alimwambia Awiti kwamba mlango wake hautakuwa wazi siku zote. Awiti akasema na amshukuru Mungu, maana siku ya polisi ulikuwa wazi mno upande wa nyuma. Akaondoka. Gurudumu moja lilikuwa linalia.

Awiti aliinuka akanipisha kwenye ndoo. Nilimwambia nisamehe, mwanangu, nilisoma ndoo. Akasema alijua tangu jana, ndoo ya kwanza ilipoingia ikichuruzika maji ya moto. Alimkumbusha Faraj kwamba alimwambia aandike njoo, Faraj akasema ndivyo alivyoandika. Walipogundua kosa ilikuwa usiku, na asubuhi Dishon aliacha ndoo mlangoni akakimbilia kazini kabla Faraj hajaingia zamu. Nikamwuliza kwa nini basi amengoja. Akasema mtu mwenye ujinga wa kiasi hicho hawezi kukosa kuja.

Nadhani ilikuwa sifa. Noormohamed alifika na viatu.

Jumapili, 17 Machi

Awiti amelala kwetu usiku wa pili. Obadia amelala kifuani pake saa tano mfululizo! Niliamka mara mbili kuangalia kama yu hai. Leo nimekula chakula cha moto, nimekaa, kwa mikono miwili. Eddah amekuja kudai ndoo yake. Akamwona Awiti anafua ndani yake, akakaa, akafua naye. Alisema kwa shingo upande kwamba zaburi yangu chini ya ile nyingine imekwaruzwa vizuri. Nikamwambia utepe ulikuwa mzuri. Tumetosheka hapo, tusizidishe.

Jioni nikamwuliza Awiti, kwa huduma ijayo, ni lipi lililowafikia. Barua? Hapana, ilikuwa uji. Nepi? Wanawake waliitumia kufunga nywele, haikusomeka. Mahubiri ya darini? Upepo ulichukua yote kwa wanaume. Basi lipi? Akafikiri. Akasema walikuwa wakinisikia mlangoni nikigombana na Faraj. Siku zote nilizokuja. Wanawake waliacha kazi wakajipanga ukutani kusikiliza, na jioni walirudia maneno yangu mmoja mmoja. Akasema ilitosha. Mtu kujua kwamba yuko anayegombana kwa ajili yake, siku inakwenda.

Dishon aliinua macho kwenye gazeti, akasema, umesikia, mama? Wewe nenda tu ukasimame mlangoni. Huna haja ya mipango.

Nimewashukuru wote wawili. Awiti ana moyo mwema na hataki kuniumiza. Lakini ni wazi kwamba mahubiri hayajapata chombo tu, na wanawake wanne bado wamo ndani, na daktari hajatoa ruhusa.

Kisha Awiti, akikunja nepi, akataja kwa kupitisha maneno tu kwamba kuna paka wa manjano anayeingia jela kila asubuhi kwa tundu la maji machafu. Hula jikoni, hulala mapajani mwa wanawake, hutoka apendavyo. Na hajachemshwa hata siku moja.

Nikaweka sindano chini.

Paka! Nimekata kitambaa upana wa vidole viwili, urefu wa shingo. Mahubiri yatakuwa mafupi, lakini paka anaingia kila siku, tutakwenda mstari kwa mstari, na ifikapo Juni tutakuwa tumemaliza Wagalatia. Dishon amekwenda kulala bila kuaga. Awiti anasema paka yule hashikiki, amewakwaruza askari watatu. Nimemwambia yeye ashike mtoto, paka aniachie mimi.